Alikosa Chuo, Akaomoka na Chumvi na Chokaa: Maisha ya Ernest Solvay

Kama wewe ni mtu wa intaneti, lazima hii picha ushakutana nayo. Nyeusi na nyeupe, watu 29 wamepangwa mistari mitatu, koti nzito, sura za mtihani. Albert Einstein amekaa katikati mstari wa mbele. Marie Curie ndiye mwanamke pekee. Watu huiposti kila mwaka wakisema hapo ndipo mabongo kali zaidi duniani ziliwahi kukaa pamoja, na hawadanganyi, maana 17 kati yao walikuwa na Nobel au walikuja kuipata. Ni Brussels, Ubelgiji, mwaka 1927.

Chenye watu hawaulizi ni nani alikuwa anasimamia hiyo mikutano kwa mfuko. Jina lake liko hapo wazi, Mkutano wa Solvay, lakini wengi hudhani Solvay ni mtaa ama hoteli. Kumbe ni msee. Ernest Solvay, ambaye kwa picha hiyo hayuko kwa sababu alikuwa ashafariki miaka mitano mapema. Na ganji yake yote, maze, ilitoka kwa unga mweupe ambao ni ndugu wa damu na ile magadi mathe hutupia kwa sufuria ya maharagwe ndio yaive haraka.

Sasa wewe wa Frere Town usidhani hii ni stori ya mbali. Simama pale Kengeleni asubuhi na uangalie barabara ya Malindi. Malori ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni yanateremka kuelekea daraja la Nyali, turubai imefungwa, dereva amechoka. Nyuma yako, pale Bamburi, mawe ya matumbawe yamechimbwa na kuchomwa miaka na miaka kuwa simiti. Chumvi, mawe ya chokaa na moto. Ongeza amonia, ile harufu inayokukunja pua ukiingia choo cha steji, na uko na kila kitu Solvay alihitaji kubadilisha viwanda vya dunia nzima. Alichoongeza yeye ni mpangilio tu. Lakini huo mpangilio karibu umfilisi na familia yake yote.

Kwanza tuelewane kuhusu bidhaa yenyewe. Soda ashi, yaani magadi safi ya kiwandani, ni unga usio na mbwembwe wala tangazo lolote kwa tivii. Lakini bila hiyo kioo kinakuwa kazi ngumu, kwa sababu mchanga peke yake unataka joto la ajabu ndio uyeyuke. Ukiuchanganya na soda, joto linalohitajika linashuka sana. Chupa ya soda ya madiaba, dirisha la matatu, kioo cha kinyozi, zote ziko na huo unga ndani. Sabuni ya kufulia pia, karatasi, nguo. Karne ya 19 Ulaya ilipoanza kufungua viwanda kama vile siku hizi watu wanafungua vibanda vya chipsi, kila mtu alikuwa anatafuta soda.

Kabla ya Solvay njia iliyokuwa inatawala ilikuwa ya Mfaransa mmoja, Nicolas Leblanc, aliyepewa hati ya ubunifu mwaka 1791. Unachukua chumvi, unaimwagia asidi ya salfuriki, kisha unachoma kilichobaki pamoja na makaa ya mawe na mawe ya chokaa. Soda inapatikana, sawa. Shida ni kila kitu kingine. Kwa kila tani 8 za soda, kiwanda kilikuwa kinatoa karibu tani 5.5 za gesi ya asidi na tani 7 za taka nyeusi. Hiyo gesi ndiyo ukiikutanisha na maji inakuwa haidrokloriki, ile ile ya kwenye maabara ya shule yenye mwalimu hukukataza kugusa. Ilikuwa inatoka kwa bomba la moshi na kutua kwa mashamba. Miti ilikauka. Wakulima walikimbia kortini. Taka nazo zilirundikwa nje ya kiwanda, na mvua ikinyesha zilitoa harufu ya mayai viza mtaa mzima. Miji kama Widnes na St Helens kule Uingereza ilijengwa na huo uchafu. Wafanyakazi walikuwa wanaingia kazini wamefunga vitambaa mdomoni, na hiyo hewa iliwala meno.

Mwaka 1863 Bunge la Uingereza lilichoka, likapitisha sheria kwamba kila kiwanda kinase angalau asilimia 95 ya hiyo gesi. Ilisaidia, lakini wengine waliinasa kwa maji na kumwaga hayo maji mtoni, samaki nao wakalipia. Ukiwahi kukaa karibu na kiwanda unajua huu mchezo. Uchafu unahamishwa tu kutoka sehemu moja mpaka nyingine.

Leblanc mwenyewe hakula matunda. Mapinduzi ya Ufaransa yalimnyang'anya kiwanda, na alikufa maskini mwaka 1806.

Solvay alizaliwa tarehe 16 Aprili 1838 katika kijiji cha Rebecq, Ubelgiji. Buda yake alikuwa na machimbo ya mawe na biashara ya kusafisha chumvi. Hapo tayari unaona chumvi na mawe viko nyumbani tangu akiwa mtoto. Kijana alikuwa mkali shuleni, anapenda fizikia na kemia, na mpango ulikuwa aende chuo kikuu asomee uhandisi. Halafu akashikwa na ugonjwa wa kifua, uvimbe wa utando wa mapafu, akalazwa kwa muda mrefu. Chuo kikaingia mitini hapo. Huyu mtu ambaye baadaye angelipia wanasayansi wakubwa zaidi duniani hakuwahi kukaa darasa la chuo hata siku moja kama mwanafunzi.

Akiwa na umri wa miaka 21 hivi, mjomba wake akamchukua kufanya kazi kwenye kiwanda cha gesi karibu na Brussels. Enzi hizo taa za mji zilikuwa zinawashwa na gesi iliyotolewa kwa makaa ya mawe. Ukisafisha hiyo gesi unabaki na maji machafu yaliyojaa amonia, ambayo hakuna mtu alikuwa anayataka. Kazi ya Ernest ilikuwa kutafuta vile hayo maji yanaweza kuleta angalau shilingi mbili. Yaani job yake ya kwanza ya maana ilikuwa kushughulika na taka.

Na hapo ndipo akaona kitu. Akichanganya amonia na maji ya chumvi, kisha apitishe kaboni dayoksaidi, unga mweupe unajitenga na kutua chini. Huo unga ni sodiamu bikaboneti, ile soda ya kuumua mandazi. Ukiupasha moto unageuka kuwa soda ashi. Hakuna asidi ya salfuriki, hakuna gesi ya kukausha miti. Aprili 1861, akiwa karibu kufikisha miaka 23, akaandikisha hati ya ubunifu.

Alidhani amegundua kitu kipya. Pole yake. Mfaransa Augustin Fresnel alikuwa ashaliona hilo tokeo mwaka 1811. Watu wawili, Dyar na Hemming, walikuwa washaliandikisha mwaka 1838, ule ule mwaka Ernest alizaliwa. Na watu kadhaa walikuwa wamejaribu kulifanya kiwandani, wote wakaangukia pua. Ukweli ni kwamba kama Ernest angesoma kemia chuoni, kuna uwezekano mkubwa lekchara angemwambia hiyo njia ilishindikana na aachane nayo. Kutojua kulimpa ujasiri. Alipokuja kujua ashazama mpaka shingoni.

Kwa nini wengine walishindwa? Hapa ndio pesa iko, kwa hivyo tulia kidogo.

Kemia kwenye gilasi ni rahisi. Tatizo ni kwamba amonia ilikuwa ghali kuliko soda unayotengeneza. Ukipoteza amonia, kila gunia la soda linakutoa damu. Kwa hivyo ilibidi amonia izunguke: iingie, ifanye kazi, itolewe, irudi tena mwanzo, bila kutoroka. Na hiyo ni gesi. Inatoroka kwa kila kiungo cha bomba, kila mfuniko uliofungwa vibaya.

Mpango wa Solvay ulikuwa hivi. Unachoma mawe ya chokaa kwenye tanuu, vile wazee wa Pwani wamekuwa wakichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea. Mawe yakiungua yanatoa vitu viwili, kaboni dayoksaidi na chokaa yenyewe. Kaboni dayoksaidi unaipeleka kwa mnara mrefu, inaingia chini na kupanda juu, huku maji ya chumvi yenye amonia yakishuka kutoka juu. Yakikutana, bikaboneti inatua. Unaichuja, unaichoma, unapata soda ashi, na kaboni dayoksaidi inayotoka hapo unairudisha kwa mnara. Yale maji yaliyobaki bado yameishika amonia. Unayachanganya na ile chokaa ya kwenye tanuu, na amonia inaachiliwa, inarudi kazini. Umeona? Tanuu moja linalisha pande zote mbili. Kinachotumika na kuisha ni chumvi na mawe, vitu vya bei ya chini kabisa, pamoja na makaa ya kupata moto. Kinachobaki mwisho ni kalisi kloridi, chumvi nyingine isiyo na soko kubwa.

Kwa karatasi ni tamu. Kwa uhalisia, jaribio la kwanza pale Schaerbeek, Brussels, halikwenda popote. Hakukata tamaa. Ndugu yake mdogo Alfred, ambaye alikuwa amesomea mambo ya biashara, akajiunga naye. Familia na marafiki wakachangisha, wakili na mwanasiasa Eudore Pirmez akawa mmoja wa waliowaamini, na tarehe 26 Desemba 1863, siku moja baada ya Krismasi, kampuni ya Solvay ikaandikishwa kwa mtaji wa faranga 136,000. Mwaka ule ule Waingereza walipopitisha ile sheria ya moshi. Mwaka ule ule Ernest alioa, bibi akaitwa Adèle Winderickx. Fikiria huyo dame. Ameolewa na jamaa asiye na digrii, anayenuka amonia, aliyechukua pesa za watu wote wa ukoo.

Kiwanda kilijengwa Couillet, karibu na Charleroi, na Januari 1865 kikaanza kutoa soda. Kidogo tu. Unga ulikuwa unaganda ndani ya mitambo na kuziba kila kitu. Vyombo vilipasuka. Amonia ilivuja. Pesa iliisha, na kampuni ikawa karibu kufungwa. Familia iliongeza kile kidogo walichobaki nacho. Ernest alikuwa anashughulika na mitambo Couillet, Alfred anashughulika na madeni na wateja, na kati ya hao wawili sijui nani alikuwa na kazi ngumu zaidi. Watu hupenda kumtaja Ernest peke yake. Mimi naona bila Alfred tungekuwa hatujui hilo jina.

Mnara ndio uliwaokoa. Waliendelea kuurekebisha, kuongeza sahani ndani za kuchanganya gesi na maji vizuri, kupoza pale panapohitaji kupozwa, mpaka ukaweza kufanya kazi mfululizo bila kusimama. Njia ya Leblanc ilikuwa ya kupika sufuria moja, umalize, uoshe, uanze upya. Ya Solvay ilikuwa kama bomba la maji, unafungua na linaendelea usiku na mchana. Kufika mwanzo wa miaka ya 1870 soda yake ilikuwa safi zaidi na ya bei nafuu kuliko ya Leblanc, na hapo wadosi wa viwanda wakaanza kugonga mlango.

Mmoja wao alikuwa Ludwig Mond, Mjerumani aliyekuwa anafanya kazi Widnes, ndani ya ule uchafu wenyewe. Huyu alikuwa ashatumia miaka akitafuta namna ya kutoa salfa kwenye zile taka za Leblanc, kwa hivyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwaka 1872 akachukua leseni kwa Solvay, na mwaka 1873, na mwenzake John Brunner, akaanzisha kampuni ya Brunner Mond pale Winnington, Cheshire. Shika hilo jina, litarudi Kenya.

Kwa wale wanaopenda kulinganisha tarehe, 1873 ndio mwaka Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar na Sultan Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Miaka miwili baadaye wamishonari wa CMS wakaanzisha makazi ya watumwa walioachiliwa hapa bara ya Mombasa, na wakayapa jina la huyo Frere. Na Ubelgiji yenyewe, nchi ya Solvay, ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili, ambaye kabla karne kuisha angeifanya Kongo jehanamu kwa sababu ya mpira na pembe. Wakati mmoja, dunia moja, na watu wanachagua vitu tofauti vya kufanya na maisha yao.

Solvay hakujenga kila kiwanda peke yake. Alikuwa anatafuta mshirika katika kila nchi, anampa leseni, anachukua hisa, na sharti ni kwamba ukigundua kitu kizuri kwenye mtambo wako lazima uwaambie wengine wote. Hilo sharti la mwisho lilikuwa ujanja. Ufaransa, Ujerumani, Urusi, na mwaka 1881 ikaundwa kampuni Marekani karibu na Syracuse, New York, ambako mpaka leo kuna kijiji kinaitwa Solvay. Bei ya soda ilishuka, viwanda vya Leblanc vikaanza kufungwa kimoja kimoja, na kufika mwaka 1900 soda nyingi ya dunia ilikuwa inatoka kwa minara. Alfred alifariki mwaka 1894, akiwa ashaona ushindi.

Mzee akawa tajiri wa kupindukia. Na hapa anakuwa mtu wa ajabu kidogo. Alikuwa anapanda milima ya Alps kama mchezo, yeye wa mapafu mabovu. Akaingia seneti ya Ubelgiji. Kampuni yake iliwapa wafanyakazi saa nane za kazi na likizo ya kulipwa kabla sheria haijalazimisha mtu. Akajenga taasisi za fiziolojia na sosholojia Brussels, na shule ya biashara mwaka 1903. Akaandika kwamba urithi ambao mtu hakuutolea jasho unafaa kukatwa kodi kubwa, ingawa kampuni yenyewe ilibaki mikononi mwa familia vizazi na vizazi. Na alikuwa na wazo moja lililowafanya wenzake wacheke: kwamba siku moja pesa taslimu ziondolewe, na badala yake kila mtu awe na akaunti ya kuandikwa kinachoingia na kinachotoka. Miaka ya 1890 hiyo. Leo hata mama wa mahamri pale Kongowea ana nambari ya til.

Pia alijiona mwanafizikia. Alikuwa na nadharia yake kuhusu maada na mvutano, na alitaka wakubwa waisikie. Mkemia Mjerumani Walther Nernst akaona nafasi, akamshawishi aitishe mkutano wa watu wachache wenye akili kali zaidi Ulaya kujadili yale mambo mapya ya kwanta. Solvay akakubali. Mwisho wa Oktoba 1911, Hoteli Métropole, Brussels: Planck, Rutherford, Poincaré, Marie Curie, na Einstein wa miaka 32. Gharama zote kwa mzee. Alifungua mkutano kwa kueleza nadharia yake, wakamsikiliza kwa heshima zote, halafu wakaendelea na kazi iliyowaleta. Nadharia haikuenda mahali. Mkutano nao ukawa mwanzo wa kitu kikubwa, maana ilikuwa mara ya kwanza wanafizikia wa nchi nyingi kufungiwa chumba kimoja na shida moja. Mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ya kimataifa ya fizikia, na 1913 ya kemia.

Kuhusu ile picha ya 1911, iangalie vizuri. Solvay amekaa mezani na wenzake, lakini kichwa chake kimekaa vibaya, kikubwa kuliko inavyofaa. Hakuwepo wakati mpiga picha alipobonyeza. Kichwa kilikatwa kwa picha nyingine na kubandikwa. Photoshop ya mkasi na gundi, miaka zaidi ya 70 kabla ya Photoshop.

Vita vya Kwanza vilipoanza 1914 Wajerumani waliivamia Ubelgiji na njaa ikafuata. Solvay, akiwa na miaka 76, akawekwa mbele ya kamati ya taifa ya msaada na chakula, iliyoshirikiana na Wamarekani kulisha nchi iliyokuwa imefungiwa. Vita vilipoisha 1918 akapewa cheo cha Waziri wa Dola. Alifariki tarehe 26 Mei 1922, nyumbani Ixelles, Brussels, akiwa na miaka 84. Viwanda vya mwisho vya Leblanc vilizimwa karibu wakati huo huo, kwa hivyo unaweza kusema mzee alimzika mshindani wake.

Sasa tusimpake mafuta kupita kiasi. Njia yake ilikuwa safi ukiilinganisha na ile nyingine, lakini ile kalisi kloridi iliyobaki ilikuwa lazima iende mahali. Pale Syracuse ilimwagwa kwa miongo mingi kando ya Ziwa Onondaga, ambalo ni takatifu kwa Wahindi Wekundu wa kabila la Onondaga, na milima ya taka nyeupe iko hapo hadi leo. Italia kuna ufuo pale Rosignano Solvay, mchanga mweupe pepe, maji ya samawati, watu wanapiga selfi wakijifanya wako Maldivi. Huo weupe ni mabaki ya kiwanda. Ukitaka mchanga mweupe wa halali shuka Nyali, ni matembezi tu kutoka Frere Town.

Na kuna sehemu moja duniani ambako ule mnara wote hauhitajiki. Ziwa Magadi, Kajiado. Pale ardhi yenyewe inapika: chemchemi za moto zinaleta maji yenye soda, jua la Bonde la Ufa linayakausha, na inabaki trona, mchanganyiko wa asili wa kaboneti na bikaboneti. Unaichimba, unaiosha, unaichoma, umemaliza. Hakuna amonia, hakuna tanuu la chokaa, hakuna kalisi kloridi ya kutupa. Wamaasai walikuwa wanaijua kabla Rebecq haijasikika. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, mwaka wa ule mkutano wa Brussels, na pia mwaka ambao serikali ya kikoloni iliwasainisha Wamaasai mkataba wa pili wa kuwahamisha kutoka ardhi yao. Reli ya kutoka Konza hadi ziwani ilikamilika 1915.

Biashara ilisota mwanzoni. Mwaka 1924, miaka miwili baada ya Solvay kufariki, Brunner Mond ikainunua, wale wale wa leseni ya Winnington. Walikuwa na akili: ziwa lenye soda ya bure ni bora uwe nalo wewe kuliko liwe kwa mpinzani wako. Mwaka 1926 Brunner Mond ikaungana na wengine kuwa ICI, na mwaka 1933 pale pale Winnington wakagundua polithini kwa bahati wakati wa jaribio la shinikizo kubwa. Ndiyo, mifuko ya plastiki ambayo Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 ina asili kwa kiwanda kile kile cha soda.

Tangu 2005 Magadi iko chini ya Tata ya India, ambayo ilinunua Brunner Mond nzima, pamoja na kesi na kelele za muda mrefu na kaunti ya Kajiado kuhusu kodi ya ardhi. Mwaka 2014 Winnington iliacha kutengeneza soda, baada ya miaka 140 hivi ya minara ya Solvay, kwa sababu gesi na umeme vilikuwa vimepanda bei mno. Soda ya Magadi bado inatoka. Mabehewa yanapita Konza, yanashuka Voi na Mariakani, yanapita Changamwe na kuingia bandarini, kisha meli inaipeleka nje kuwa kioo cha watu wengine.